Malimwengu yakiwa elfu, Mola ni yule yule

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, maswahaba zake na wote waliofuata mwenendo wake kwa wema mpaka Siku ya Mwisho.



Siku moja baada ya swala ya Isha, kijana wa Kidato cha Sita anayesoma masomo ya sayansi alinisubiri nje ya msikiti. Nilimfundisha Maarifa ya Uislamu tangu akiwa Kidato cha Kwanza. Akaniambia, "Ustadh, nina swali, lakini naomba usinikasirikie." Nikamuuliza kwa nini nimkasirikie. Akasema swali hilo hilo alimuuliza mtu mzima mmoja anayemheshimu sana, akajibiwa kwa ukali kuwa hayo ni maswali ya kikafiri, aseme astaghfirullah na asiyarudie tena. Alisema astaghfirullah, lakini swali halikuondoka. Kwa miezi mitatu alikuwa akiswali kwa mazoea tu, mwili uko safuni na moyo uko mbali.

Swali lenyewe lilikuwa hili: "Ustadh, ulitufundisha kuwa mpangilio huu wa mbingu na ardhi ni dalili ya kuwepo Mpangaji. Sasa nasoma kuwa wapo wanasayansi wanaosema ulimwengu si huu mmoja, bali upo wingi usiohesabika wa ulimwengu kama huu. Mwingi umeharibika, hauna nyota wala uhai. Sisi tumejikuta katika huu kwa sababu tu ndio uliokaa sawa. Ikiwa ni hivyo, ile dalili iko wapi?"

Nilimjibu haraka haraka, kama tunavyopenda kujibu walimu wengi. Nilimwambia, "Mbona hilo Qur'an imekwishalisema miaka zaidi ya elfu moja na mia nne iliyopita? Si tunasoma Rabbil-'aalamiin? Walimwengu kwa wingi!" Nilidhani nimemaliza. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Na wanasayansi wakisema kesho kuwa walikosea, itakuwa Qur'an nayo imekosea?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe muda, nikarudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Makala haya ni deni ninalomlipa kijana yule, na nimeona niyalete hapa kwa sababu naamini hayuko peke yake.

Wanasayansi wanasema nini hasa?

Haki ya kwanza ya hoja ni kuielewa kabla ya kuijibu. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, wataalamu wengi wa nyota waliamini kuwa galaksi yetu, ile tunayoiona usiku kama mkanda mweupe angani, ndiyo ulimwengu wote. Katika miaka ya 1920 Mmarekani Edwin Hubble alithibitisha kwa darubini kuwa wingu la Andromeda ni galaksi nyingine iliyo mbali kabisa na yetu. Leo galaksi zinahesabiwa kwa mabilioni, na umri wa ulimwengu huu unakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8. Nuru iliyo mbali zaidi ya kiasi fulani haijapata muda wa kutufikia, kwa hiyo upo mpaka ambao hakuna darubini inayoweza kuona ng'ambo yake.

Hapo ndipo linapozaliwa swali la nini kipo ng'ambo ya mpaka huo. Mwaka 1981 Mmarekani Alan Guth alitoa nadharia kuwa ulimwengu mwanzoni kabisa ulitanuka kwa kasi kubwa mno ndani ya muda mfupi usiofikirika. Baada yake Andrei Linde, mzaliwa wa Urusi, na wenzake walisema kuwa kutanuka huko huenda hakukukoma kila mahali kwa pamoja. Panapokoma hapa, panaendelea pale, na kila panapokoma panazaliwa ulimwengu wake. Chukua mfano wa maziwa yanayochemka jikoni. Mapovu yanazuka, hili hapa na lile kule, na kila povu ni ulimwengu mzima. Sisi tumo ndani ya povu moja.

Kwa kukosa neno jingine, mapovu hayo tuyaite malimwengu. Sikusudii yale mambo ya dunia tunayoyalalamikia barazani, bali wingi wa neno ulimwengu. Aidha, ipo nadharia nyingine tofauti na hii, aliyoitoa Hugh Everett mwaka 1957. Hiyo inasema kuwa kila jambo dogo la ndani ya atomu linaloweza kutokea kwa njia zaidi ya moja hutokea kwa njia zote, kila moja katika tawi lake la ulimwengu. Wanaoifuata huenda mpaka kusema kuwa yuko "wewe" mwingine aliyechagua kinyume cha ulichochagua wewe.

Sasa kwa nini nadharia hizi zimeingizwa katika mjadala wa kuwepo Mungu? Sababu ni kuwa wanasayansi wenyewe wamekuta ulimwengu huu umepimwa kwa vipimo vya ajabu. Nguvu ya mvutano, uzito wa chembe ndogo, na ile nguvu inayoisukuma anga itanuke, vyote vimekaa katika kiasi kinachoruhusu nyota, maji na uhai. Mwaka 1987 mwanafizikia Steven Weinberg alionyesha kuwa lau hiyo nguvu ya kutanua anga ingekuwa kubwa mno, galaksi zisingejikusanya, na tusingekuwepo wa kuuliza. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yaligundua kuwa nguvu hiyo ipo kweli na ni ndogo mno. Mtu akiulizwa nani aliyepima kwa umakini huu, anaweza kujibu kuwa hakuna aliyepima: malimwengu ni mengi yasiyo na idadi, kila mmoja una vipimo vyake, na lazima mmoja uangukie sawa. Ni kama bahati nasibu. Tiketi zikiwa za kutosha, mshindi hakosekani.

Hiyo ndiyo hoja iliyomkosesha usingizi kijana wetu. Si hoja ya kijinga, wala walioitoa si watu wajinga.

Isnadi yake ikoje?

Sisi Waislamu Allah (s.w.) ametutunuku elimu ambayo umma mwingine haukuwa nayo kwa kiwango chetu, nayo ni elimu ya kupima habari. Mtu akikuletea Hadith, humuulizi kwanza kama imekupendeza. Unamuuliza kaipokea kwa nani, na huyo kaipokea kwa nani. Basi tuiulize nadharia hii swali hilo hilo. Nani ameuona ulimwengu wa pili, na kwa chombo gani?

Jibu la kweli ni kuwa hakuna aliyeuona. Mpaka leo hakuna kipimo hata kimoja kilichothibitisha kuwepo ulimwengu mwingine. Si hivyo tu, wapo wanasayansi wakubwa wanaoona kuwa jambo hili kwa umbile lake halipimiki. Mwaka 2014 George Ellis wa Afrika Kusini na Joseph Silk waliandika katika jarida la kisayansi la Nature wakionya kuwa nadharia isiyoweza kujaribiwa isipewe hadhi ya sayansi kwa sababu tu hesabu zake ni nzuri. Wapo wenzao wanaowapinga, na mjadala unaendelea.

Mwaka huo huo wa 2014 lilitokea jambo lenye mazingatio. Mwezi Machi, watafiti wanaotumia darubini ya BICEP2 iliyoko Ncha ya Kusini walitangaza kuwa wamepata alama ya kule kutanuka kwa mwanzo. Habari ilienea dunia nzima, na wapo waliosema kuwa sasa malimwengu mengi yamekaribia kuthibitika. Mwanzoni mwa mwaka 2015, takwimu zao zilipochambuliwa pamoja na zile za satelaiti ya Planck, ilidhihirika kuwa walichokiona kingeweza kuelezwa na vumbi la galaksi yetu wenyewe. Watafiti wale hawakuwa waongo. Walitangaza, wakapimwa, wakarekebishwa. Huo ndio uzuri wa elimu yao. Lakini hebu fikiria hali ya ustadh aliyepanda mimbari mwezi Machi akatangaza kuwa aya fulani imethibitishwa na darubini. Mwaka uliofuata angepanda na maneno gani?

Hapo nililitambua kosa langu. Nilitaka kuiegemeza Qur'an juu ya kitu ambacho chenyewe bado kinatafuta pa kuegemea. Katika Surat Yunus, aya ya 36, Allah (s.w.) ametufahamisha kuwa dhana haisaidii kitu mbele ya haki. Aya hiyo tumezoea kuwasomea wengine. Siku ile ilinifaa mimi.

Ulamaa wetu walisemaje?

Pamoja na hayo, ningekuwa nimekosea upande wa pili lau ningemwambia kijana kuwa Uislamu unakataza hata kulifikiria jambo hili. Neno 'aalamiin wafasiri wamelieleza kwa njia mbalimbali. Wapo waliosema ni kila kisichokuwa Allah, na wapo waliosema ni majini na watu. Wafasiri wetu wa Kiswahili nao wameandika "walimwengu" au "viumbe", maneno yanayogusa zaidi wanaoishi kuliko mahali wanapoishi. Kwa hiyo kuling'ang'ania neno hili liwe na maana ya mapovu ya Linde ni kulibebesha mzigo usio wake.

Ufafanuzi mzuri kuliko wote umo ndani ya Qur'an yenyewe. Katika Surat Ash-Shu'araa (26:23-24) Firauni alimuuliza Nabii Musa (a.s.), ni nini huyo Mola wa walimwengu? Musa (a.s.) hakuanza kumhesabia walimwengu ni wangapi. Alimjibu kuwa ni Mola wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Yaani swali la mtume na wafuasi wake si "vipo vingapi?" bali ni "ni vya nani?"

Imam Fakhruddin ar-Razi, aliyefariki mwaka 606 Hijiria, yaani zaidi ya miaka mia nane iliyopita, aliligusa jambo hili katika tafsiri yake alipofika kwenye Al-Fatiha. Wakati wake wanafalsafa waliomfuata Aristotle walishikilia kuwa haiwezekani kabisa kuwepo ulimwengu zaidi ya mmoja. Ar-Razi aliwajibu kuwa hoja zao ni dhaifu, na kwamba Allah ni muweza wa kuumba nje ya ulimwengu huu malimwengu elfu elfu, kila mmoja mkubwa kuliko huu. Angalia, ndugu msomaji, jinsi alivyokuwa makini. Alisema Allah anaweza. Hakusema ameumba. Mlango wa uwezo wa Allah hakuufunga, na habari za ghaibu hakuzizua.

Umakini huo huo tunauona katika aya ya 12 ya Surat At-Talaq, inayotaja mbingu saba na ardhi mfano wa hizo. Kuhusu aya hii imepokewa kauli inayonasibishwa na Ibn Abbas (r.a.) kuwa katika kila ardhi yuko Adam kama Adam wenu na Nuhu kama Nuhu wenu. Msomaji wa leo anaweza kuruka kwa furaha akidhani amepata dalili. Lakini Imam al-Bayhaqi, pamoja na kuikubali isnadi yake, aliihukumu kuwa ni shaadh, yaani imepwekeka. Naye Ibn Kathir alisema kuwa ikiwa ni kweli imetoka kwa Ibn Abbas, basi huenda aliipokea katika visa vya Israailiyyaat. Hawakuikumbatia kwa kuwa inasisimua, wala hawakumtukana aliyeipokea. Waliipima.

Je, dalili imepotea?

Sasa turudi kwenye swali la kijana. Tuchukulie, kwa ajili ya hoja tu, kuwa kesho malimwengu mengi yatathibitika. Je, dalili ya kuwepo Muumba itakuwa imeondoka?

Kwanza, tufikiri juu ya tanuri la mikate. Mtu anakula mkate mzuri asubuhi, anauliza nani kauoka. Mwenzake anamjibu, "Usishangae, tanuri lile linatoa mikate elfu kila usiku, mingi inaungua, huu umetoka sawa." Hilo ni jibu la kwa nini mkate huu haukuungua. Bado si jibu la nani kajenga tanuri, nani kakanda unga, wala moto umetoka wapi. Nadharia ya malimwengu mengi inahitaji kanuni zinazoyazalisha. Kanuni hizo nani kaziweka? Anayesema "zipo tu" hajatoa jibu la kisayansi. Ametoa itikadi yake, kama sisi tulivyo na yetu.

Pili, wingi hauondoi uhitaji. Mtu mmoja mwenye deni si tajiri. Ukikusanya wenye madeni mia moja katika chumba kimoja hujapata tajiri, umepata madeni mia moja. Vivyo hivyo ulimwengu mmoja ambao ungeweza kuwepo na ungeweza kutokuwepo unahitaji wa kuupatisha. Ukiwa na malimwengu bilioni ya aina hiyo, uhitaji haukupungua, bali umezidi mara bilioni. Allah (s.w.) ndiye As-Samad, anayekusudiwa na vyote na asiyehitaji chochote.

Tatu, na hili nalisema kwa walimu wenzangu: tusiijenge imani ya watoto wetu juu ya nguzo moja tu. Nilimfundisha kijana yule kana kwamba vipimo vya Fizikia ndiyo dalili pekee, hivyo nguzo ilipotikisika, nyumba nzima ilitikisika. Iko fitra iliyomo ndani ya nafsi. Iko Qur'an yenyewe. Uko mwenendo wa Mtume (s.a.w.) na ukweli wake. Kipo kile anachokihisi mja anaponyanyua mikono usiku wakati hakuna anayemuona. Nyumba ya Muislamu ina nguzo nyingi.

Nne, ukubwa wa maumbile haumdunishi Muumba. Galaksi yetu ilipogundulika kuwa ni moja tu kati ya mabilioni, Mola wa waumini hakupungua. Qur'an imetuambia kuwa Yeye huumba tusivyovijua (16:8), na kwamba bahari ingekuwa wino wa kuandikia maneno ya Mola wetu ingekauka kabla hayajakwisha (18:109). Aliyeyaamini haya hatishwi na mtu anayemwambia kuwa viumbe ni vingi kuliko alivyodhani.

Yule "wewe" mwingine

Limebaki jambo moja, na kwangu ndilo zito zaidi. Nilipoonana tena na kijana na kumweleza haya, alisema ameelewa. Kisha akaniambia kitu ambacho hakukisema siku ya kwanza. Katika miezi ile mitatu, kila alipoacha swala ya Alfajiri alijifariji kwa mzaha na wenzake kuwa "katika ulimwengu mwingine mimi nimeamka nikaswali." Walicheka. Lakini alikiri kuwa mzaha ule ulimfanya alale vizuri.

Ndugu zangu, hapa ndipo tofauti inapokuwa si ya darasani tena. Nadharia iwe kweli au isiwe, hakuna ulimwengu ambamo mtu mwingine ataniswalia Alfajiri yangu. Katika Surat Maryam (19:93-95) Allah (s.w.) anatufahamisha kuwa wote waliomo mbinguni na ardhini watamjia Mwingi wa Rehema hali ya kuwa ni waja, kwamba amewadhibiti na kuwahesabu sawasawa, na kwamba kila mmoja wao atamfikia Siku ya Kiyama akiwa peke yake. Peke yake. Hakuna nakala, hakuna naibu, hakuna "mimi" wa tawi la pili atakayeleta mema niliyoyaacha. Na katika Surat Al-An'aam (6:164) tumeambiwa kuwa hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine.

Ajabu ni kuwa Qur'an inapozungumzia wanaotafakari uumbaji wa mbingu na ardhi (3:190-191), haiwaachi wakiwa wameduwaa wanaangalia juu. Inawaonyesha wakikiri kuwa haya hayakuumbwa bure, na hapo hapo wakiomba waepushwe na Moto. Fikra yao inaishia kwenye dua. Sayansi iliyomfikisha mtu hapo imemnufaisha, hata kama nadharia yake itabadilika mwakani. Na ikimfikisha kwenye kulala wakati wa adhana, imemdhuru hata kama hesabu zake zote ni sahihi.

Nawausia wazazi na walimu wenzangu. Mtoto akija na swali la namna hii, tusimfukuze. Swali lililofukuzwa nyumbani hupata makazi kwingine, na huko halikosi mwenyeji. Pale tusipojua tuseme hatujui. Malaika walisema hawana ujuzi ila waliofunzwa na Mola wao (2:32), na heshima yao haikuporomoka. Tusikimbilie kuipachika aya kwenye kila habari mpya, wala tusikimbilie kuita kila habari mpya kuwa ni kufuru. Nanyi vijana mnaosoma sayansi, someni kwa bidii. Umma huu unahitaji wanaoijua Fizikia kwa undani kiasi cha kutofautisha kilichopimwa na kilichodhaniwa.

Ndugu msomaji, katika swala tano za faradhi tunasimama rakaa 17 kila siku, na katika kila rakaa tunamsifu Mola wa walimwengu wote. Kijana yule sasa anaswali Alfajiri msikitini. Haijui idadi ya walimwengu hao, nami siijui. Tunachokijua ni kuwa tunasimama mbele ya Mola wao.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuzidishie elimu yenye manufaa, awathibitishe vijana wetu katika dini yake, na atusamehe sisi walimu kwa majibu ya haraka tuliyowahi kuyatoa. Aamiin.

Wallahu a'lam.